Asali ya Nduku ilikaa bluu huko lab, na karibu tumlishe kithitu

Wakuu, hamjambo. Na wale ambao si wakuu pia, hamjambo.

Mimi ni nyanya wa watu, naishi upande wa Kanyangi, Kitui. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mtu asinisahihishe herufi. Simu hii nilinunuliwa na watoto wangu na huwa nawasoma humu bila kusema kitu. Wengi wenu mnaongea sana na mnajua kidogo.

Leo na mimi nitaongea. Nitasema nilichoona. Pale sikuwepo, nitawaambia sikuwepo.

Nimeamua kuandika kwa sababu juzi niliona hapa kijana anauliza, mtu akisoma biochemistry atapata kazi gani, na nyinyi mkamcheka. Mimi pia nilikuwa nacheka. Mjukuu wangu Mwende anasoma hiyo hiyo, na watu kanisani wakiniuliza anasomea nini nilikuwa nasema udaktari, ndiyo wanyamaze.

Sasa sisemi hivyo tena. Ngojeni mjue kwa nini.

Sisi wamama wa hapa tuko na kikundi cha nyuki. Mimi ndiye chairlady. Kila mama ako na mizinga yake ya sanduku, ile ya kisasa ya kufunguliwa juu. Tukivuna, kila mmoja analeta ndoo zake kwa stoo zikiwa na jina lake, na mnunuzi anakuja kutoka Kibwezi, anachukua zote, anaenda kuziuza kule kando ya barabara ya Mombasa.

Lazima muelewe kitu kimoja hapa. Kwetu Ukambani nyuki ilikuwa kazi ya wanaume. Ule mzinga wa zamani wa gogo, mwatu, unatundikwa na mwanaume, unavunwa na mwanaume. Mwanamke hakufundishwa. Wazee walisema mkono wa mwanamke unafukuza nyuki. Tulipoanza kikundi walitucheka sana. Mzee mmoja, Mulwa, ndiye alicheka kushinda wote, na huyo kwa nyuki anajulikana hadi ng'ambo ya mto.

Sasa huyu Mulwa ni baba mkwe wa Nduku. Na Nduku ni mama mmoja wa kikundi chetu, mpole, wa maneno machache. Shikeni hapo.

Baada ya mvua ya Novemba tulivuna vizuri. Mnunuzi akachukua. Halafu wiki chache zikapita, tukaona gari lake limerudi na ndoo zetu zote.

Akasema wateja wamelalamika, asali iko na sukari. Akasema yeye hajui ni ndoo gani, na hana muda wa kujua. Tukimletea ukweli atarudi, tukikosa atatafuta watu wengine.

Akashusha ndoo, akaenda.

Nilimpigia Mwende simu. Akaniambia, "Susu," ndivyo tunavyoita nyanya, "hiyo kitu inapimwa. Hapa kwetu department tunaipima. Niletee kidogo kutoka kwa kila ndoo."

Nilizibeba mimi mwenyewe, chupa ndogo ndogo, kila moja na jina. Sikutaka zipite kwa mkono wa mtu mwingine. Nilikuwa sijawahi kuingia chuo kikuu. Nilivaa nguo ya kanisa.

Wakuu, nisimame hapa kidogo niwaambie nilichoona, kwa sababu ndicho kilinifunga mdomo.

Ni veranda ndefu na milango pande zote mbili. Mwende ananipitisha ananiambia. Mlango huu wanachunguza ukungu wa mahindi, ile sumu inaingia mahindi yakiwekwa na unyevu. Hiyo sumu tunaijua, imetuzikisha watu.

Mlango mwingine, sumu ya nyoka, wanaangalia inafanya nini kwa damu na nini inaweza kuizuia. Mwingine, kwa nini mdudu wa malaria anazoea dawa. Mwingine, kisukari. Dada yangu mguu wake uliondoka na kisukari.

Mwingine, miti ya dawa. Nikachungulia nikaona mizizi imekatwakatwa ndani ya chupa. Mmoja niliujua kwa harufu kabla sijaona. Mama yangu alikuwa anatuchemshia tukiwa na tumbo. Nikamwuliza Mwende kama imeonekana inaponya. Akasema bado hawajui, na wanaangalia pia kama inaharibu ini.

Hilo la ini sikulipenda. Lakini nimelifikiria mara nyingi tangu siku hiyo.

Nilidhani watu wa chuo wanasoma vitu vya mwezini. Kumbe kila kitu kinachotusumbua nyumbani kiko na mlango pale.

Turudi kwa asali.

Mwende alichukua vichupa vyembamba, akaweka asali na maji ya wanga, kama uji mwepesi sana wa unga. Akaviweka kwa maji ya vuguvugu. Akaniambia nyuki akileta utamu kutoka kwa maua anautia mate yake, na hayo mate yanabaki ndani ya asali yakifanya kazi. Ukiweka wanga, yanaula wote.

"Halafu naweka hii," akasema, "iodini." Ni ile dawa ya kahawia tulikuwa tunapakwa kwa kidonda. "Wanga ukiwa bado upo, itakuwa bluu. Ukiwa umeliwa, hakuna bluu."

Tukangoja. Akaanza kudondosha.

Ya kwanza haikuwa bluu. Ya pili, hapana. Yangu, hapana, na nitawaambia ukweli nilishusha pumzi. Ya Kavata, hapana.

Ya Nduku ikawa bluu kama wino.

Mwende akairudia. Bluu. Akaipeleka kwa mashine nyingine inayohesabu aina za sukari, akarudi uso umekuwa mdogo.

"Susu, humu kuna sukari ya miwa. Sukari ya duka."

Nikasema, "Basi ni Nduku."

Akasema, "Mimi sijasema hivyo. Lab inaniambia ndani kuna nini. Haiwezi kuniambia nani aliiweka, wala vipi."

Nilibeba hayo maneno yote mawili hadi nyumbani. Nikaita mkutano pale stoo, nikasema yote mawili.

Watu walichukua la kwanza.

Kavata ndiye alianza. Huyo mdomo wake haujawahi kupata mlango. "Nduku mwaitu, mama yetu, hebu tuambie, hii asali yako nyuki walienda kuitoa kwa maua ama kwa kaunta ya duka?"

Wengine wakacheka. Nduku hakucheka.

"Sijatia sukari kwa asali," akasema.

"Basi iliingia kwa miguu yake?"

"Sijatia."

"Watoto wangu walikuwa wanategemea hizo ndoo zangu," Kavata akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Yangu ni safi. Imerudishwa kwa sababu yako."

Nduku akaangalia chini. Hakuongeza neno. Na wakuu, mtu akinyamaza kwa mkutano wa wamama, amekwisha.

Sasa Mulwa si wa kikundi, lakini stoo yetu iko karibu na boma lake na masikio yake hayazeeki. Tukamwona mlangoni na fimbo yake. Hakuingia, kwa sababu mke wa mtoto wake yuko ndani. Kwetu baba mkwe na mke wa mtoto hawasongeani. Ni heshima. Akaongea akiwa nje, akiangalia upande mwingine.

"Nyumba yangu haina mwizi," akasema. "Mnamsema mtu wa nyumba yangu. Aape kithitu. Kama alitia, ionekane. Kama hakutia, nyinyi wote mfunge midomo."

Naona kuna mmoja atauliza kithitu ni nini. Ni kiapo cha kwetu cha zamani. Ukiapa uongo, inasemekana kifo hakikuanzi wewe, kinaanza na watu wako. Kinapita kwa watoto. Sisi karibu wote ni watu wa kanisa, na mchungaji wetu hataki hata kusikia hilo jina. Lakini nataka nione mkristo wa Kanyangi ambaye mgongo wake haupati baridi likitajwa.

Kavata akasema, "Ndiyo. Aape."

Na wengine wakaitikia kwa kichwa. Wamama ambao Jumapili tunashika vitabu vya nyimbo pamoja.

Nikasimama nikasema, "Hakuna mtu ataapa kitu hapa. Hii ni stoo ya asali. Mwende anakuja mwisho wa mwezi, tutamngoja." Kavata akasema namlinda. Nikamwambia akitaka kiti changu kiko hapo, akikalie. Hakukikalia.

Lakini nisijifanye. Moyoni nilikuwa nafikiria, labda kiapo kingemaliza haya maneno haraka.

Kesho yake nilienda kwa Nduku. Nilimkuta anachambua pojo. Sikuzunguka. Nilimwuliza, "Ulitia?"

"Sijatia sukari kwa asali, mwaitu. Mkitaka niape, nitaapa."

"Unajua unasema nini? Uko na watoto."

"Najua. Nitaapa."

Mkono wake haukusimama kwa pojo. Lakini hakuniangalia.

Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko mtu aliyelima. Kwa sababu nilikuwa na vitu viwili mkononi na vyote vilikuwa vya kweli. Kile kichupa nilikiona kikiwa bluu. Na mtu anayejua kithitu ni nini hawezi kuweka watoto wake mbele ya kiapo cha uongo kwa ajili ya ndoo ya asali. Sasa ni kipi kinadanganya?

Mwende alikuja na mkoba wake. Nikamweleza. Akafikiria, halafu akauliza, "Bado kuna masega kwa mizinga yake? Yale yamefunikwa?"

Wale hamjui nyuki: nyuki akimaliza kutengeneza asali anaifunika na nta juu. Kama sufuria na kifuniko. Hapo mtu hawezi kutia kitu bila kuonekana.

Asubuhi tulienda wote kwa mizinga ya Nduku. Wamama wote, na Mulwa kule mbali kando ya ua. Nikamwambia Kavata avae nguo za nyuki, akate sega yeye mwenyewe kwa mkono wake. Halafu tukaenda kwa Kavata tukakata la kwake, ndiyo kuwe na la kulinganisha.

Tukarudi kwangu, na Mulwa akafuata nyuma akasimama tena mbali, kando ya ua wangu. Mwende akapanga vichupa vyake mezani pale nje, akaomba sufuria ya maji ya vuguvugu. Akawaeleza wamama kuhusu mate ya nyuki. Mmoja akasema, "Kwa hivyo miaka yote tunakula mate?" Mwingine akamwambia amekula mabaya zaidi kwa harusi ya mtoto wa Kavata.

Tukangoja. Niliwapa chai.

Mwende akadondosha iodini kwa ya Kavata. Haikuwa bluu.

Kavata akakunja mikono.

Akadondosha kwa ya Nduku. Bluu. Ile ile.

Wote tulikuwa tumeona hilo sega limefunikwa. Kavata ndiye alilikata. Kavata mwenyewe akainama akaangalia kichupa, akaangalia Nduku, akasema polepole, "Basi ni nyuki ndio wametia."

Mwende akageuka. Hakuuliza kama sisi tulivyouliza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mama Nduku, wakati wa kiangazi, nyuki wako walikuwa wanakula nini?"

Nduku akafunika uso na leso.

"Walikuwa wanakufa," akasema.

Alituambia hivi. Kiangazi kilipokaza hakukuwa na ua hata moja. Kila asubuhi alikuta nyuki wamelala chini ya mzinga wamekauka. Akawa anakoroga sukari na maji kwa sahani, anaweka vijiti juu ndiyo wasizame, anawawekea jioni wakati hakuna mtu. Wakawa wanakuja. Wakaacha kufa. Na hata mvua iliponyesha aliogopa kuacha, akaendelea mpaka maua yakajaa.

"Sikutia sukari kwa asali," akasema. "Niliwapa chakula. Sikujua wanaiweka." Mwende akasema nyuki akipewa sukari nyingi karibu anaiweka haraka na mate kidogo, ndiyo maana bluu ilibaki.

Nikamwuliza, "Na kwa nini hukusema siku ile pale stoo?"

Akatazama kule kwa ua, ambako Mulwa alikuwa amesimama. Akasema polepole mpaka tukainama kumsikia.

"Ningesema nyuki walikuwa wanakufa mikononi mwangu, angesema si aliniambia."

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa jambo lote. Aliogopa kusema nyuki wake walikufa kuliko alivyoogopa kithitu. Kwa sababu kuhusu sukari alijua yuko sawa. Kuhusu ule mkono wa mwanamke, hakuwa na uhakika.

Na angeapa. Angesimama aseme "sijatia sukari kwa asali", na ingekuwa kweli, na kichupa kingekaa bluu, na sisi tungesema ameapa uongo. Halafu siku mtoto wake angeshikwa na homa, hata miaka kumi baadaye, kijiji kizima kingesema ndiyo hiyo. Yeye mwenyewe angesema ndiyo hiyo.

Mulwa masikio yake yalikuwa yamefika kabla ya sauti. Akapaza sauti kutoka kule, akiangalia milima kama kawaida.

"Kwa hivyo kiangazi chote nilipoambiwa sukari imepanda bei, nikanywa chai bila sukari, ilikuwa inapelekewa nyuki?"

Nduku akajikunja. Lakini Kavata, huyo huyo Kavata, akaangua kicheko mpaka akashika meza. Na sisi wote tukafuata. Hata Nduku, ndani ya leso.

Mulwa hakucheka. Alingoja tunyamaze.

"Sisi hatukuwa tunawapa kitu," akasema. "Tulikuwa hatuvuni yote. Kila mwatu unaacha masega ya nyuma. Hayo ni yao ya kiangazi. Ukichukua yote, ni lazima wafe."

Mwende akamjibu kwa heshima kama babu yake, "Umau, hawakuambiwa."

Mzee akachomeka fimbo yake chini. Halafu akasema, "Hapana. Hawakuambiwa."

Akaenda zake.

Sitawaambia alikuja kuomba msamaha, kwa sababu hakuja. Lakini tulipovuna tena, nilimwona. Nduku amefungua mzinga, amevaa nguo zake nyeupe. Mulwa amesimama kule mbali kwa ua, hasongei, heshima iko pale pale. Anaelekeza kwa fimbo na anapiga kelele kama anayekimbiza ng'ombe, "Hilo acha! Hilo pia acha! Nani amekuambia uguse la nyuma!"

Na Nduku anaacha.

Mnunuzi wa Kibwezi tulimpigia tukamwambia yote, hata aibu yetu. Alirudi akachukua ndoo zote isipokuwa za Nduku. Kikundi kikakubaliana mavuno yaliyofuata kila mama amwekee Nduku kidogo. Kavata aliweka ya kwanza, na akaweka nyingi, na hakusema kitu, jambo ambalo kwake ni kubwa kuliko asali.

Sasa somo, kwa sababu najua mnalipenda.

Yule kijana aliyeuliza kazi ya biochemistry: mwanangu, soma. Mjukuu wangu na vichupa vyake alizuia kiapo ambacho kanisa lilishindwa kuzuia na mimi nilikuwa karibu kukiacha kipite. Lakini mkiwa huko lab, mkumbuke lile neno la pili la Mwende. Kichupa kinaonyesha kilichomo. Bado ni lazima mtu aende amwulize mwenzake, na amwulize vizuri.

Na nyinyi wazee mnaojua vitu: semeni. Msingoje mtu akosee ndiyo mseme mlijua.

Wenye nyuki huku Makueni, Mwingi na kwingine, niambieni nyinyi kiangazi mnafanya aje, mnaacha sega au mnalisha? Nataka kujua, nitawasomea wamama. Mwenye swali kuhusu vile vipimo aulize polepole, nitampigia Mwende. Mwenye matusi ayapeleke kwa nyanya yake kwanza, akiona ameyakubali, arudi.

Ndoo za Nduku hatukuzimwaga. Ziko kwa stoo, zimefunikwa, na jina lake bado liko juu. Mwende alisema kula zinalika, ila si za kuuziwa mtu kama asali. Tukakubaliana zikae. Kiangazi kikirudi, zinarudi kwa wenyewe, wale nyuki.